Miguu ya Tani Haijaambiwa

Ukishuka Busia kutoka Tororo, kabla hujafika kwenye ule mti wa kuzuia magari mpakani, mkono wa kushoto palikuwa na stoo ya pamba ya mabati matupu, na ubavuni mwa stoo palikuwa na benchi. Kuliita benchi ni kulipamba tu; ulikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, na nyuma yake mabati ya stoo yakawa ndiyo maegemeo. Akongo, mama muuza kahawa, aliweka jiko lake hapo kila asubuhi, birika juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya beseni la maji, na kahawa yake chungu ya tangawizi iliwakusanya watu wa pande zote mbili za mpaka, wenye kazi na wasio na kazi, hasa wasio na kazi. Pale halikujadiliwa jambo dogo. Likija dogo, lilikuzwa kwanza ndipo likajadiliwa. Na mwishoni mwa mwaka ule wa 1965, soko la pamba likikaribia kufunguliwa, jambo lilikuwa moja tu: uchovu wa Omaido.

Omaido ndiye waliyemwita Tani, na jina hilo hakupewa bure. Wakulima walipoleta pamba yao, gunia refu lilining'inizwa kwenye boriti ya stoo, Omaido akaingia ndani, pamba ikamwagwa juu yake, naye akaanza kukanyaga. Alikanyaga huku akipanda nayo, mpaka kichwa kikatokeza mdomoni mwa gunia, kisha mabega, kisha kifua, na hapo watu wakajua gunia limeshiba. Mtu mwepesi akikanyaga, gunia hubaki laini kama mto wa kulalia. Omaido akikanyaga, wapakiaji wa lori walimtukania mama yake. Msimu hadi msimu hakuna aliyethubutu kuiomba nafasi ile, maana unene wake ndio uliokuwa cheti chake.

Kisha tumbo likamgeuka. Vidonda vilimla kwa ndani mpaka chakula kikawa hakishuki tena, na huko hospitali ya misheni wakampasua, wakaondoa kipande kikubwa cha tumbo na kushona kilichobaki. Aliporudi nyumbani kaptura yake ilitaka kamba, na kila wiki kamba ikavutwa zaidi. Watu walimpa pole ya unene uliokwenda. Yeye unene haukumwuma sana. Kilichomtisha ni uchovu. Alikwisha kuchoka maishani mwake, nani hajachoka, lakini uchovu wa zamani ulikuwa ukiisha kwa kulala. Huu ulilala naye na kuamka naye, na asubuhi nyingine aliinama kufunga viatu akabaki pale pale ameinama, akijiuliza atanyanyukaje.

Ijumaa hiyo ninayoisimulia, muda ulikuwa umemwishia. Soko lilikuwa linafunguliwa Jumatatu. Maloba, nyapara wa stoo, alitakiwa kutaja jioni ile ni nani atakayeingia gunia, na Edimu, kijana mmoja mnene wa Kisoko, alikwisha kuonekana akizungukazunguka ndani ya stoo na kuitazama ile boriti kwa upendo. Omaido alijua kwamba nafasi ikishachukuliwa na mtu mwenye umri wa Edimu, hairudi. Na yeye bila gunia ni nani? Swali hilo hakutaka kulifikia mwisho wake. Kwa hiyo aliamka, akafunga kamba, akaja kukaa benchini wima kama mtu aliyepona, ili Maloba amwone.

Walikuwepo wanne. Maloba mwenyewe alikaa katikati na kikombe chake, mtu wa maneno machache. Kulia kwake alikaa Ojiambo, fundi cherehani wa ng'ambo ya Kenya, ambaye kila asubuhi alivuka mpaka kuja kubishana kabla ya kurudi kushona; huyu walimwita Wakili. Kushoto alikaa Ekaju, mwuza samaki wakavu. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Na Akongo alikuwa jikoni kwake, akisikia yote.

Ni Redio aliyeanza. Alisema ameliwaza jambo hili usiku kucha na amelipata. Hospitalini walimwongezea Omaido damu, sivyo? Omaido akakubali, waliongeza. Na damu ile ilitoka kwa nani? Omaido hakujua.

— Sasa sikia, — Redio akasema. — Mimi naliuliza mtu ya hospitali, yeye nasema wale nakuja kutoa damu ni watu ya hapo hapo karibu. Na karibu ya hospitali nani iko? Askari ya usiku. Wewe, Tani, nakuuliza mbele ya watu. Usiku unalala?

Omaido alisitasita. Kusema kweli usiku alikuwa akigeuka geuka tu, kidonda kikimwasha, mawazo yakimzunguka.

— Usiku silali vizuri.

— Na mchana?

— Mchana nasinzia.

Redio alinyoosha mikono kuelekea kwa wenzake kama mtu aliyemaliza kazi. Damu ya askari wa usiku, basi, imezoea kukesha na rungu mpaka alfajiri. Asubuhi inataka kulala. Dawa yake ni Omaido atafutiwe kazi ya usiku, na pamba ikanyagwe usiku. Maloba alisema stoo haina taa.

Wakili alikuwa akitikisa kichwa tangu neno la kwanza. Alikunywa kahawa yake taratibu, akakirudisha kikombe, akauliza kama damu inaweza kushitakiwa bila ushahidi. Yeye alikuwa na maelezo mengine, na alitaka yasikilizwe mpaka mwisho. Mtu anayebeba mzigo mzito miaka yote, miguu yake inajifunza. Kila hatua miguu inajua ni nguvu kiasi gani itoe. Sasa daktari akaja akautoa mzigo mtu akiwa amelala usingizi wa dawa. Akamwambia nani? Akamwambia mwenye mwili, akamwambia mkewe, akamwambia na padri.

— Lakini miguu haijaambiwa, — Wakili alisema. — Miguu ya huyu bado inambeba yule Tani wa zamani. Mnamwona mtu mmoja anatembea, kumbe miguu inabeba wawili. Kwa nini asichoke?

Benchi zima liliigeukia ile miguu kwa heshima. Hata Omaido aliitazama miguu yake. Alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, ile hoja ilimwingia, maana ndivyo hasa alivyokuwa akijisikia, kama anambeba mtu. Akongo aliuliza kutoka jikoni kama miguu ina masikio. Wakili akamjibu kwamba swali hilo ni nje ya kesi.

Omaido alicheka pamoja nao, lakini ile hali ilikwisha kuanza kumjia. Alizijua dalili. Kwanza ulimi unakauka, kisha vidole vinatetemeka, kisha watu wanaonekana wako mbali. Akamwona Maloba anaitazama mikono yake. Akaificha katikati ya mapaja, akasema anakuja sasa hivi, akainuka na kuzunguka nyuma ya stoo.

— Tena, — alimsikia Redio akisema. — Jua halijapanda, na huyu ni mara ngapi amekwenda huko?

Nyuma ya stoo palikuwa na jiwe. Omaido alilikalia, akageuza uso kuyaelekea mabati, mgongo kwa njia, akatoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mkewe Amoit alikuwa amefunga vipande vya muhogo wa kuchemsha vilivyopakwa karanga za kusaga. Alimega kidogo, akatafuna polepole sana. Ndivyo alivyoagizwa na Sista Benedeta, nesi wa hospitali ile, aliyemwekea kikombe kidogo cha dawa kiganjani na kumwambia kwamba tumbo lake sasa halizidi hapo. Ale kidogo, ale mara nyingi, atafune mpaka iwe uji, asinywe maji juu ya chakula, na akisha kula apumzike. Akikaa muda mrefu bila kula, ataanguka. Akila mengi kwa mkupuo, ataanguka vile vile. Maagizo yalikuwa mepesi, hata mtoto angeyashika.

Ila Sista Benedeta hakuwa mtu wa Busia. Hakujua kwamba mwanamume hatoi chakula mbele ya wenzake akala peke yake. Omaido alikuwa amejaribu. Siku ya kwanza aliyorudi benchini alitoa muhogo wake bila kufikiri, na mikono ikaja, mkono wa Redio, mkono wa Wakili, mkono wa mpita njia aliyesimama kusalimu, haikuja kwa ubaya bali kwa mazoea tu, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiunyoosha mkono wake mnene kabla ya wote chakula cha mtu kilipofunguliwa. Akawamegea. Angewanyimaje? Alibaki na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na kabla ya adhuhuri walimwokota barabarani karibu na kile kizuizi, jasho linamtiririka, huku dereva wa lori akiapa kwamba hakumgusa.

Tangu siku ile akawa anajificha. Na hilo lilimwumiza kuliko mshono. Kwao mtu wa kula mafichoni alinong'onwa vibaya kuliko mwizi. Watu huanza kuhesabu vifo vya kijijini kwake na kumtazama kama mchawi. Kila alipokaa juu ya jiwe lile aliona haya kama mtoto aliyeiba nyama chunguni, na mara nyingi aliogopa kwenda, akakaza meno benchini mpaka jioni, akarudi nyumbani akiwa hoi kabisa. Huko ndugu walimwekea mlima wa atapa, ugali wa kwao, na mchuzi ili arudishe mwili, wakamsimamia amalize. Akamaliza kwa heshima, akalala chini akitokwa jasho na moyo ukimwenda mbio.

Sasa alitafuna huku akisikiliza. Kati yake na benchi palikuwa na stoo tupu na mabati mawili, na kila neno lilipita.

Redio alikuwa amerudi na jambo jipya. Alisema hoja ya damu anaiacha, na ya miguu pia waiache, kwa sababu zote mbili hazielezi kwa nini Tani anatetemeka saa fulani na saa nyingine hatetemeki. Juzi alikunywa uji wa sukari hapa hapa, ghafla jasho, mikono inacheza. Kwa nini saa ile?

— Kile kipande walikata, — Redio akasema, sauti akiishusha, — iko wapi?

Maloba alidhani walikizika.

— Hapana zika. Wao naweka ndani ya chupa. Mimi nasikia iko nyumba kule kwa kusomesha madaktari, chupa nakaa juu ya meza, kila chupa na jina yake. Asubuhi wanafunzi naingia. Mmoja nashika chupa, nageuza hivi, naangalia. Mwingine natikisa.

Nyuma ya stoo Omaido aliacha kutafuna.

— Kwa hiyo wakitikisa huko, — Wakili akasema, kwa mara ya kwanza bila kupinga, — huyu anatetemeka hapa.

— Wewe umesema.

— Na jioni anakuwa na nafuu, kwa sababu wametoka darasani. — Wakili alikuwa ameshika moto. — Jumapili je? Jumapili alikuwa mzima kanisani, nilimwona kwa macho yangu. Hakuna masomo Jumapili. Basi huyu si mgonjwa. Shule zikifungwa atapona.

— Shule zinafungwa Krismasi, — Maloba alisema. — Soko linafunguliwa Jumatatu.

Omaido alimsikia Maloba akivuta pumzi, akalisogelea bati zaidi asikie. Nyapara alisema kwamba yeye mambo ya chupa hayajui. Anachojua ni kwamba mtu anayeinuka na kwenda zake kila mara, na hataki kusema aendako, hawezi kumtundika ndani ya gunia. Akianguka huko ndani, pamba itamfunika kabla hawajajua. Alisema anampenda Omaido kama ndugu wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo hiyo anaona ataje jina la Edimu. Akongo aliuliza kwa nini asimwulize mwenyewe anakwenda wapi. Maloba akajibu kwamba mtu mzima haulizwi hivyo. Labda ana mambo yake.

Omaido alikaa na kipande cha muhogo mkononi. Machozi yalimjia, naye hakuyafuta. Alihuzunika na akakasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana wote wale walikuwa wakimtakia mema.

Ndipo mama mmoja akapita kwenye njia ya nyuma. Alikuwa mzee wa Mukuju, Amulen jina lake, kama walivyokuja kujua baadaye, mgeni kabisa pale, na kapu la muhogo mkavu kichwani akienda sokoni. Alimwona mwanamume mzima amekaa juu ya jiwe, amelielekea bati, anakula. Akamsalimu kwa Kiteso, akimwita baba.

— Yoga, papa.

— Yoga, toto, — Omaido akaitikia, ndiyo kusema mama, akakificha kifurushi chini ya goti.

Mama yule aliliona goti, akakiona kilicho chini yake, akaendelea na njia. Omaido alimsikia akizunguka pembe ya stoo, akitua kapu kwa mguno, akimwomba Akongo kikombe cha kahawa. Alimsikia Akongo akimkaribisha, Wakili akisogea kumpa nafasi na kumsalimu, mulembe, mama, wa wapi wewe. Alijibu yote vizuri. Kisha akanywa, akauliza, wala si kwa ukali, ni kwa kutaka kujua tu:

— Huko nyuma iko mtu anakula ameangalia bati. Nani alimkataza kula hapa?

Omaido alingoja. Alijua Redio atasema kitu, Redio hajawahi kukosa, na Redio hakusema. Alimsikia Wakili akianza, "Kwa kweli, mama, hapa hakuna...", akakatika. Akasikia kikombe kikiwekwa juu ya ubao. Hakuna aliyemkataza. Hata wangetafutana mpaka usiku wasingempata mtu mmoja aliyemkataza, na kila mmoja pale, nadhani, alikuwa ameanza kukumbuka siku ya kwanza na kuutazama mkono wake.

Angeweza kuondoka kwa njia ya nyuma akaenda nyumbani, na benchi lingejaa maneno mengine. Lakini kimya kile kilimvuta. Aliinuka kwa kushika bati, akazunguka pembe, kifurushi wazi kiganjani. Walisogea kumpa nafasi. Alikaa kati ya Maloba na Wakili, akaweka jani juu ya mapaja, akamega. Mkono wa Redio ulitoka wenyewe, kama ulivyotoka siku zote. Ulifika nusu ya njia, ukasimama hewani, kisha ukarudi kukuna goti la mwenyewe.

— Hii ni yangu peke yangu, — Omaido alisema. — Baadaye nitakula ingine, nayo yangu peke yangu. Tumbo ilibaki hivi. — Alionyesha kikombe cha Akongo. — Nisipokula naanguka. Nimechoka, ndugu zangu. Mimi nachoka mpaka naogopa. Sijui nitapona lini, na hospitali hawakuniambia.

Kisha akala. Sijui kama kuna mtu aliyepata kufanya kazi ngumu kuliko ile. Kila tonge alilitafuna mpaka likaisha, mbele ya wanaume wanne na wanawake wawili, maana hata mpita njia mmoja alikuwa amesimama, na Omaido shingo ikamwiva kwa haya. Wenzake nao hawakujua watazame wapi. Wakili alilisoma jina la kiwanda kwenye pipa, akalisoma tena.

— Jumatatu, — Maloba akasema alipoona jani limebaki tupu, — ukiwa ndani ya gunia, utakulaje?

Hilo Omaido alikuwa amelingojea wiki nzima, na majibu yake alikuwa ameyapanga yote, ya uongo.

— Mpe Edimu, — alisema. — Mwaka huu siwezi. Nikipata nguvu nitakuja kukuomba.

Maloba alimwaga machicha ya kahawa yake chini.

— Boriti iko tu, — alisema. — Ukipata, uje.

Neno hilo lilimwuma Omaido, siwezi kusema halikumwuma. Lakini lilikwisha toka, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali mwili wake haukuwa na cha kujifanya mbele ya mtu. Aliegemea mabati yaliyokwisha pata joto la jua. Macho yakawa mazito. Alikumbuka agizo la kupumzika baada ya kula, ambalo hakupata kulifuata hata siku moja kwa sababu hakuna mwanamume anayelala mchana barabarani, akataka kujikaza kidogo, akashindwa. Kichwa kilimwinamia upande, kikatua begani kwa Wakili.

Wakili hakusogea. Redio alifungua kinywa, alikuwa na la kueleza kuhusu usingizi wa mchana na damu ya askari, na Akongo akamtazama mpaka akakifunga. Amulen alijitwika kapu lake akaenda sokoni. Wao wakaendelea kunywa taratibu, kimya, hata birika likaisha na makaa yakawa majivu, na bado hakuna aliyeinuka, kwa kuogopa kumwamsha.